Muuza Kahawa Aliye Ndani: Namna ya Kutengeneza Gemu Inayoogofya Kweli

Jini wangu wa kwanza alikuwa na meno. Alivaa buibui, macho mekundu, kwato za mbuzi, na alikuwa akiruka kutoka kabatini huku spika zikipiga ukelele. Nilikaa miezi minne nikimtengeneza, usiku, baada ya kumaliza kuhariri video za harusi, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Alipokuwa tayari nikamwita mtoto wa kaka yangu, ana miaka 13, nikamvisha hedifoni. Jini akaruka. Mtoto akashtuka, padi ya kuchezea ikamponyoka, kisha akacheka. Mara ya pili alikuwa ameshajua ni kabati lipi. Mara ya tatu alijificha nyuma ya pazia la bibi akaniigizia, meno nje. "Shangazi, huyu jini wako apelekwe kwa daktari wa meno."

Nilikuwa nakaribia kuzima laptopu aliponiuliza jambo jingine. "Na yule muuza kahawa, mbona yuko ndani?"

Hakukuwa na muuza kahawa ndani. Kulikuwa na sauti yake tu. Kwetu Kibokoni, Mombasa, baada ya isha, hupita mzee na dele lake la kahawa, makaa chini, na mkono wa pili anagonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Nilikuwa nimemrekodi kutoka juu ya paa, nikaitia ile sauti kwenye gemu iwe pambo la kichochoroni. Lakini katika kupanga vitu nilikosea: sauti niliiambatisha na chumba cha stoo cha juu badala ya kuiambatisha na kichochoro. Kwa hiyo kadiri mchezaji alivyopanda ngazi, vikombe vilizidi kusogea. Akifika mlangoni pa stoo viko upande wa pili wa ubao, tik, tik. Akifungua, hapana mtu.

Mtoto aliyeyacheka meno aliniomba nimsindikize chooni usiku ule.

Nitakayoeleza hapa yametoka kwenye kosa lile na miaka miwili iliyofuata. Nayaandika kwa anayetaka kutengeneza gemu yake ndogo ya kutisha kwa laptopu ya kawaida. Mimi natumia Godot, injini yaani programu ya kuundia gemu, kwa sababu ni ya bure na haidai kompyuta kubwa, ila ukitumia Unity au Unreal mambo ni yale yale.

Kushtuka na kuogopa

Mtu yeyote anaweza kukushtua. Mlango ukibamizwa na upepo, mwili unaruka kabla akili haijauliza ni nini. Mwili nao huzoea: kelele ile ile ikirudiwa mara nne, ya tano haikuondoi kitini. Gemu iliyojaa mishtuko huchosha upesi, na mchezaji huanza kuhesabu. Woga ni kitu kingine. Woga hukaa kabla ya jambo, hukua wakati hakuna kinachotokea, na anayeulisha ni mwenye woga mwenyewe.

Sisemi mshtuko ni haramu. Una kazi yake, nayo ni kuacha deni. Resident Evil ya mwaka 1996, ile ya kwanza kabisa, mapema inakupitisha kwenye ujia mwembamba wenye madirisha, na mbwa wanaingia kwa kuvunja vioo. Baada ya hapo jumba zima lina madirisha, na kila moja unalipita kwa kando kando. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini sharti awe ameumwa kwanza. Mara moja inatosha, na iwe mapema.

Katika gemu yangu nimebakisha mshtuko mmoja, dakika ya sita: ndoo inaanguka bafuni. Ni ndoo kweli. Imesukumwa na paka, na paka mwenyewe unamwona akitoka amekasirika. Kwa dakika arobaini zinazobaki hakuna kitu kinachoanguka tena, na mchezaji anakisubiri hadi mwisho.

Ijue nyumba kabla hujaizima

Wengi tunaanza na ukubwa. Hospitali iliyohamwa, msitu, mji mzima. Halafu mwezi wa tatu unagundua vyumba ishirini vyote vina meza moja uliyoinakili. Nikuombe uanze na nyumba moja unayoijua kwa nyayo. P.T., gemu fupi iliyotolewa bure mwaka 2014 kwa ajili ya PlayStation 4, karibu yote ni ujia mmoja wenye kona moja, ukitoka mlango wa mwisho unajikuta umeingia wa kwanza. Iliondolewa dukani mwaka uliofuata na watu hadi leo wanaizungumza. Ujia mmoja!

Mimi nilichukua nyumba ya bibi. Nyumba za mawe za pwani zina jambo ambalo mtengeneza gemu za kutisha angelilipia pesa. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha kuvuka chumba kipana, basi vyumba vikawa vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ila ni virefu. Kuta za matumbawe ni nene, sauti ya chumba cha pili inakufikia imefifia. Na mlango wa mbele mara nyingi haukupeleki ndani moja kwa moja. Unaingia dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, unakata kona, ndipo uione sebule, kwa sababu waliojenga hawakutaka mpita njia aone wa ndani. Kwa hiyo mchezaji haoni mbele zaidi ya kona moja, na sikuhitaji kuzua sababu yoyote. Waashi walishanifanyia.

Nilizipima kwa futi kamba, bibi akinifuata nyuma akiuliza nauza nyumba ama vipi.

Sasa hatua ambayo niliiruka mwanzoni na ndiyo iliyoniponza: mwache mchezaji aizunguke nyumba mchana. Dakika kumi, jua linaingia, redio inalia jikoni. Mpe kazi ndogo ndogo. Alete sinia kutoka juu, afunge dirisha la nyuma, ateke maji kisimani. Asijue kwamba anasomeshwa. Akimaliza awe amejua kwamba kidato cha tatu cha ngazi kinalia, kwamba komeo la stoo ni gumu na linahitaji kuvutwa, kwamba swichi ya chumba cha kulala imewekwa nyuma ya mlango, na kwamba pangaboi la sebuleni linagonga kila likizunguka.

Usiku vitu hivyo vinne ndivyo vitakavyomtisha. Mchezaji asiyekijua kile kidato, akisikia ubao unalia, atasema nyumba kuukuu hiyo. Anayekijua, akiwa amekaa sebuleni peke yake, anajua kuna uzito umekanyaga kidato cha tatu. Halafu anasubiri cha nne.

Sikio

Hapa nitakaa, kwa sababu nusu ya kazi yako ni hii, na wengi huifanya wiki ya mwisho.

Anza na kuondoa muziki. Najua, umepata zeze linalolia kama paka. Liondoe. Muziki humwambia mtu sasa ni wakati wa kuogopa, na akishaambiwa anapumzika, maana wasiwasi wake ulikuwa ni wa kutojua. Baada ya muziki, tafuta sauti ya kawaida ya mahali pako, ile ambayo watu hawaisikii tena. Mombasa ni pangaboi. Tunalala nalo, tunakula nalo, hatulisikii mpaka stima ikatike. Kila mtu wa hapa anaujua ule muda: taa zinazimika, pangaboi linaendelea kwa mazoea yake, vuu, vuu, linapunguza, linasimama. Na hapo nyumba inaanza kusikika. Maji kwenye mfereji. Mtu anakohoa nyumba ya pili. Kitu kidogo kinakwaruza darini.

Nililirekodi pangaboi letu likisimama mara tisa hadi nikapata lililochukua sekunde ishirini na mbili. Katika gemu sijaongeza chochote baada yake, ni ukimya wa nusu dakika wenye pumzi za mchezaji kwa mbali. Niliowajaribishia, karibu wote husimama hapo bila kuambiwa.

Namna ya kurekodi: simu inatosha kuanzia, ila usirekodi mchana. Mchana kuna kunguru, tuktuk, na jirani anayetwanga. Amka saa tisa usiku, zima friji, weka simu juu ya taulo lililokunjwa ili isichukue mtetemo wa meza. Kila sauti ichukue mara tano au sita, usichukue moja ukairudia. Sikio linagundua marudio kwa kasi ya ajabu, na likigundua tu, nyumba inageuka kuwa mashine. Nyayo hasa. Nina nyayo kumi na nne za sakafu ya saruji, nane za ngazi za mbao, na gemu inazichanganya yenyewe kwa bahati nasibu, huku ikizipandisha na kuzishusha kidogo.

Kisha mpe kila mlio mahali pake. Sauti za pande zote zimo ndani ya injini yoyote ya siku hizi: unaweka nodi ya sauti, yaani alama ya pale mlio unapotoka, pale kitu kilipo, inafifia kwa umbali, inahama sikio mchezaji akigeuka. Wasichofanya wengi ni ukuta. Injini haijui kwamba kati yako na vikombe kuna jiwe. Lazima uiambie. Mimi napitisha sauti kwenye kichujio kinachozuia milio mikali, juu ya hezi 800 hivi, mlango ukiwa umefungwa. Mlango ukifunguka, kichujio kinaondoka polepole ndani ya nusu sekunde. Ukifanya hivyo mchezaji atajua mlango umefunguliwa nyuma yake kabla hajageuka, kwa sababu kilichokuwa mlio mzito kimekuwa wazi ghafla. Sikuchora kitu hapo. Ni sauti tu imevuliwa nguo.

Sasa vikombe vyenyewe. Kosa langu lilikuwa zuri lakini lilikuwa halina kanuni, na mtu akilisikia mara mbili anadhani ni kosa, na kweli ni kosa. Kulifanya liwe kitisho ilibidi nilitengenezee tabia. Silent Hill ya mwaka 1999 ina redio ndogo inayokoroma kiumbe kikikaribia. Alien: Isolation ya 2014 ina kifaa cha mkononi kinacholia kitu kikisogea, nacho mlio wake unaweza kukuponza. Vyombo vyote viwili vinakusaidia, na ndivyo utakavyovichukia. Nikavichukulia vikombe vivyo hivyo. Katika usiku wa kwanza wa gemu, vikombe vikilia kichochoroni uko salama: mzee yuko nje, mtaa uko macho, kitu cha ndani kimetulia. Mchezaji anajifunza mwenyewe, hakuna maandishi. Anaanza kuvitamani. Anavisubiri ndipo avuke ua. Usiku wa pili vinalia kichochoroni kama jana, naye anavuka, na katikati ya ua vinanyamaza ghafla. Usiku wa tatu vinalia kutoka juu.

Kama ungevipeleka juu usiku wa kwanza, ungekuwa umetengeneza maajabu, na maajabu hayatishi. Mpe kwanza kitu cha kuegemea.

Neno moja kuhusu adhana na visomo: watu wamenishauri nivitumie. Sitii. Kwetu hiyo ndiyo sauti inayomwondolea mtu hofu, na kuichezea ni utovu wa adabu. Hata ukiuacha upande wa adabu, mchezaji wa Mombasa atavua hedifoni akasirike, na aliyekasirika haogopi. Alfajiri yangu inaanza na kunguru. Wakilia wale, umenusurika.

Giza lenye maumbo

Toleo moja nililipeleka kwa rafiki Kisauni, akanirudishia ujumbe: skrini imeharibika? Nilikuwa nimeweka giza la kweli kweli, na simu yake ya bei ya chini, mwanga nusu, ilimwonyesha kioo cheusi na uso wake mwenyewe. Giza tupu halina kitu cha kuogopa. Linaloogofya ni lile unaloona ndani yake ukingo wa mlango, weupe wa pazia, na kitu cha tatu ambacho huenda ni kanzu iliyoangikwa. Acha mwanga hafifu wa buluu kila mahali, usio na chanzo, kisha jaribu kwenye skrini mbovu kuliko zote ulizo nazo.

Taa ya mchezaji iwe na gharama. Katika Amnesia: The Dark Descent ya 2010, iliyotengenezwa na Waswidi wa Frictional Games, huna silaha. Ukikaa gizani akili inakupotea, ukiwasha taa unaonekana, na mafuta ya taa yanaisha. Kila upande una hasara. Five Nights at Freddy's ya 2014 ilifanya jambo lile lile kwa umeme: kufunga mlango na kutazama kamera kunakula chaji, na usiku ni mrefu kuliko chaji. Mimi nimetumia simu yenye asilimia 14 na tochi yake. Sihitaji kumweleza mtu maana ya asilimia 14 stima ikiwa imekatika. Kila mkazi wa kisiwa hiki ameshaishi nayo.

Na usione aibu ya udhaifu wa mashine yako. Ukungu wa Silent Hill ulisaidia kuficha kwamba PlayStation ile isingeweza kuchora mtaa mrefu. Laptopu yangu haiwezi kuchora zaidi ya chumba kimoja na nusu. Kona za dakani zinanisitiri.

Mlango mmefunga?

Mtaalamu bora wa kutisha niliyewahi kumwona ni bibi yangu, na hajui gemu ni nini. Kila mtu Mombasa anakijua kisa cha mwanamke mrembo wa usiku, kule kwenye mibuyu ya Mama Ngina, anayenukia udi na asmini, ukishusha macho unaona kwato. Kinasimuliwa kila nyumba. Kwa hiyo ukimwonyesha mchezaji kwato, anatikisa kichwa: ah, yule. Umemkutanisha na mtu anayemfahamu. Ndilo lililoniharibikia kwenye jini langu, kuliko hata meno.

Bibi hakufika kwenye kwato. Alikuwa akisimulia hadi mwanamke anakaribia, kisha anatulia, anafungua kijaluba chake, anapanga tambuu yake taratibu, anatafuna. Sisi watoto kimya. Halafu, bila kututazama: "Mlango mmefunga?"

Na mmoja wetu ilibidi ainuke akaangalie.

Hapo kuna tofauti yote kati ya gemu na sinema. Kwenye sinema unamwona mtu akienda mlangoni na unampigia kelele asiende. Kwenye gemu ni wewe unayekwenda, kwa kidole chako mwenyewe. Basi usimnyang'anye mchezaji mikono. Usimgeuzie kamera ili aone kitu ulichokichora kwa shida. Akikikosa, atakuwa amekisikia, na inatosha. Tafuta vitendo vinavyochukua muda na uvifanye viwe vyake. Resident Evil za zamani zilionyesha mlango ukifunguka taratibu wakati chumba kinachofuata kinapakiwa, na ule muda wa kusubiri ukawa ndio muda wa kuogopa. Mimi komeo la stoo nimelifanya hivi: unabonyeza na kushikilia kwa sekunde tatu. Ukiachia, linarudi. Hakuna anayekulazimisha ushikilie. Kwenye sekunde ya pili vikombe, kama vilikuwa vikilia, vinanyamaza.

Wachezaji wengi huachia hapo. Husimama, hutembea hadi mwisho wa ujia, hurudi. Sikuwafanyia kitu.

Adui, kwa ufupi

Ukiwa na adui anayetembea, usimpe ujuzi wote na usimwache mjinga. Alien: Isolation iligawa akili mara mbili: sehemu moja inajua mchezaji yuko wapi daima, lakini inatoa dokezo la eneo tu, kiumbe chenyewe hakijui, kinatafuta kwa macho na masikio yake. Ndiyo maana kinaonekana kiko karibu kila mara bila kuonekana kinadanganya. Hili unaweza kulifanya kwa mistari michache ya msimbo: kila sekunde arobaini mpe adui chumba cha jirani na mchezaji, asipewe chumba chenyewe. Akishakaribia mno kwa muda, mwondoe, aende mbali kabisa. Left 4 Dead ya 2008 ilikuwa na msimamizi wa ndani anayepima presha ya wachezaji na kuwapa nafasi ya kupumua baada ya vurugu. Bila pumzi mtu anakufa ganzi.

Kuhusu kufa: mchezaji afe mara chache. Mara ya kwanza anaogopa, ya pili anaudhika, ya tatu anahesabu hatua kama anacheza mpira. Kwangu mchezaji hafi. Akishikwa, anaamka kitandani, stima imerudi, pangaboi linazunguka na kugonga, kila kitu shwari. Ila sinia aliloleta mchana halipo lilipokuwa. Kuna mmoja alishikwa mara nne na kila akiamka alikwenda kwanza kulitafuta lile sinia, taa zote zikiwa zinawaka, na hapo ndipo alipoogopa zaidi kuliko gizani.

Zile hila za kuudanganya mtambo, kama Eternal Darkness ya 2002 iliyojifanya inapunguza sauti ya televisheni yako, zinafurahisha. Tumia moja, mara moja. Na usiguse simu ya mtu kwa kweli, majina yake au picha zake. Huko si kutisha.

Kaa nyuma, funga mdomo

Jaribio langu la pili nililifanya kwenye chumba cha gemu huko Majengo, kwa hisani ya mwenyewe. Mashine sita, tano zinacheza mpira, vijana wanatukanana kwa mapenzi. Hakuna aliyeogopa chochote, na mimi nikarudi nyumbani nikabadilisha mambo ambayo hayakuwa na ubaya. Wiki tatu zilipotea hivyo. Jaribu usiku, mtu mmoja, hedifoni, chumba cha pili pawe na mtu lakini asiongee.

Keti nyuma yake ambapo hakuoni. Usieleze. Akikwama, mwache akwame dakika tano. Usimsikilize anachosema, watu husema "hii haitishi" kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida. Tazama miguu: hukunjwa chini ya kiti. Tazama mkono usio na kazi. Na chukua saa, pima muda anaosimama mlangoni kabla ya kufungua. Mlango wa stoo wa toleo la jini mwenye meno, mtoto wa kaka alisimama sekunde nne. Toleo la vikombe vyenye kanuni, binamu yangu ambaye ni mkubwa na ana watoto wawili alisimama sekunde hamsini na mbili, kisha akavua hedifoni akaniambia amekumbuka ameacha nguo kwenye kamba.

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa jahazi, amevuka hadi Arabuni akiwa kijana, na alicheza yote akiguna tu. Ngazi, guno. Stoo, guno. Alipofika kisimani, ambapo sijaweka kitu, wallahi hakuna kitu, ni kisima na maji, aliweka padi chini. "Hapa sishuki." Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwangwi wake si sawa. Nikaenda kuangalia: mwangwi wa kisima nilikuwa nimeuazima kutoka kwenye rekodi ya bafu kubwa, mrefu kuliko kisima kile kinavyoweza kutoa. Kwa mtu wa kawaida ni sauti ya kisima. Kwa mtu aliyezaliwa na visima, kuna nafasi mle ndani isiyostahili kuwepo. Nimeuacha.

Wa mwisho alikuwa bibi. Hakutaka kushika padi, alitaka kusikia tu hizo kelele zinazonifanya nizime friji usiku wa manane. Nikamvisha hedifoni juu ya mtandio, nikamwekea usiku wa tatu, vikombe. Alisikiliza amefumba macho.

"Huyu si wetu," akasema.

"Ni yeye bibi, nilimrekodi mwenyewe juu ya paa."

"Wetu hugonga mara mbili, akanyamaza. Huyu anagonga mara tatu."

Nikafungua faili. Ni kweli: nilipokuwa nikiikata sauti ili ijirudie bila kuonekana mshono, niliukata vibaya, na mgongano mmoja wa marudio yanayofuata ukaingia mwanzo. Miaka miwili sikuwa nimelisikia. Kulirekebisha ni kazi ya dakika moja.

Nimerekebisha faili ya mchana na ya usiku wa kwanza. Zile zina mbili. Ya usiku wa tatu bado ina tatu.